Mwendo au Mbio? Mjadala wa Pasaka njiani kutoka Hell's Gate

Mwaka 2024 Pasaka na Safari Rally zilikutana. Magari yalianza kazi Alhamisi Kuu, tarehe 28 Machi, yakamaliza Jumapili ya Ufufuo, tarehe 31. Ibada yetu tuliifanya kungali giza, mishumaa mkononi, tukaimba mpaka kukapambazuka. Tukanywa chai na mandazi uani mwa kanisa, kisha watu kumi na wanne tukajipakia kwenye matatu kwenda Hell's Gate, Naivasha, kutazama mkondo wa mwisho wa rali.

Gari la mbio hulisikia kabla hujaliona. Kwanza helikopta ilipita chinichini. Ikafuata sauti kali kama turubai linalochanwa, vumbi likainuka juu ya vichaka vya leleshwa, ndipo gari lenyewe likatokea, ubavu mbele, mawe yakiruka. Sekunde nne, tano, limekwisha pita. Lililobaki ni vumbi, na vumbi la Naivasha si vumbi la kawaida. Ni majivu ya volkano yaliyosagika laini kama unga wa muhogo, na watu wa mbio huliita fesh-fesh. Huingia puani, kwenye meno, ndani ya soksi. Mtoto aliyesimama mbele yangu alipogeuka, nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za babu yake.

Halafu kimya. Magari ya rali hayaachiwi kwa pamoja. Kila moja huondoka peke yake, na huku kwetu nafasi kati ya gari na gari huongezwa ili vumbi litulie. Kwa hiyo unaona gari, kisha unakaa dakika kadhaa na mawazo yako.

Kalle Rovanperä wa Finland alishinda, Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili, Adrien Fourmaux wa Ufaransa wa tatu. Tulirudi kwenye matatu tukiwa weupe sote. Barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha ilikuwa imefungana, magari yamepangana mpaka macho yanapoishia, na ziwa lilikuwa kushoto kwetu likimetameta kati ya migunga. Tulikaa humo zaidi ya saa mbili. Mazungumzo ninayoyaandika hapa ni ya saa hizo mbili. Majina nayaacha, vyeo vinatosha.

PASTA: Somo la Jumapili ijayo nimekwisha lipata. Waebrania sura ya 12. Mashahidi wametuzunguka kama wingu, mizigo tumeitua, tunakimbia mbio tulizopangiwa. Leo wingu nimeliona kwa macho yangu.

MWALIMU: Ulichokiona ni vumbi, Pasta. Na kwa heshima zote, nakuomba somo hilo uliache.

(Mwalimu amestaafu. Alifundisha dini shuleni kwa miaka thelathini na zaidi, na wengi tuliokuwa mle garini tulipita mikononi mwake. Akisema jambo, watu hunyamaza.)

PASTA: Niliache kwa nini, Mwalimu? Paulo mwenyewe aliipenda mifano ya michezo. Aliwaandikia Wakorintho, watu ambao kila baada ya miaka miwili walikuwa na michezo mikubwa mlangoni pao, pale Isthmia. Akawaambia: mwakimbia kwa ajili ya taji la majani yatakayonyauka, basi likimbilieni lisilonyauka. Angekuwa Naivasha leo, angehubiri Safari Rally.

MWALIMU: Paulo aliwahubiria watu wa miguu. Mkimbiaji wa Korintho akianguka, anajichubua goti. Mimi nimezika mwanafunzi. Kidato cha tatu, anatoka dukani na mkate wa mamake. Gari lilikuja kwa kasi likamgonga, halikusimama. Lililofuata halikusimama. La tatu halikusimama. Sisemi kosa ni la Safari Rally. Madereva wale ninaambiwa ni watu wenye nidhamu. Nasema hii nchi imekwisha lewa mwendo wa kasi. Kila kijana mwenye kigari ametoka leo hapa akijiona yeye ni Rovanperä, na usiku huu atajaribu. Halafu Jumapili wewe upande mimbarini uwaambie vijana haohao kwamba hata imani ni mbio? Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Pasta.

Hakuna aliyejibu mara moja. Dereva wetu, aliyekuwa akisikiliza kwa sikio moja, alizima redio.

Aliyejibu hatimaye ni Fundi, ambaye ana gereji mjini kwetu. Huwa hasemi sana kanisani, lakini juu ya magari hanyamazi.

FUNDI: Mwalimu, pole. Kwa huyo kijana sina la kusema. Lakini juu ya mbio, wacha nikueleze kitu, maana watu wengi wanadhani rali ni magari yanayofukuzana. Hayafukuzani. Dereva wa rali halioni gari la mbele. Akiliona, ujue mmoja wao ameharibikiwa. Yeye anashindana na saa tu. Na hayuko peke yake mle ndani. Kushoto au kulia kwake kuna mwelekezi ameinamisha kichwa kwenye daftari. Kabla ya mashindano walipita njia yote mara mbili, polepole, dereva akitaja kila kona na kila mtaro, mwelekezi akiandika. Siku ya mbio mwelekezi anamsomea. Dereva anaingia kwenye kona iliyofichwa na kilima bila kuona kilicho mbele, kwa sababu sauti imemwambia. Hiyo ndiyo rali. Ni kuamini sauti.

PASTA: Umenihubiria, Fundi.

FUNDI: Bado. Kuna ya 2021, mwaka Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliamka Jumapili akiongoza. Ijumaa, Sébastien Ogier alikuwa ameharibikiwa shoki na kupoteza kama dakika mbili, watu wakamfuta. Jumapili asubuhi, mkondo wa Loldia, shoki ya nyuma ya Neuville ikafa. Akaishia hapo. Ogier akashinda, Katsuta nyuma yake kwa sekunde 21.8. Nilikuwepo. Nililia, na simpendi wala simchukii Neuville. Nililia kwa sababu nilijua kazi ya mafundi wake. Magari yale hayaguswi ovyo: mafundi wanapewa dakika 45 jioni, kisha gari linafungiwa uani usiku kucha na hakuna ruhusa ya kulitengeneza. Ukijua kuna nati hukuikaza vizuri, unalala nayo moyoni.

NYANYA: Kutangulia si kufika.

Nyanya alikuwa amekaa kiti cha dirishani, mtandio umefunika pua, na tulidhani amelala. Ana umri wa miaka sabini na kitu. Yeye ndiye aliyemshawishi Mwalimu aje.

NYANYA: Safari mnayoizungumza nyinyi ni changa. Sisi tuliijua ilipokuwa ikipita mlangoni. Pasaka ilikuwa ni hiyo: kanisani asubuhi, mchana barabarani kungoja magari. Nilikuwa msichana Joginder Singh aliposhinda mara ya kwanza, 1965, na ile Volvo yake ambayo wazungu wa kiwandani walikuwa wamekwisha itumia, ndugu yake Jaswant kando yake. Watu walimwita Simba. Lakini siwaambii habari za Simba. Nawaambia habari za matope. Mvua za Pasaka zilikuwa mvua. Gari lilikwama pale mtoni kwetu, magurudumu yakazunguka bure. Baba akatuita sote, tukaacha chakula, tukaingia matopeni na nguo zetu za sikukuu. Tukalisukuma. Likatoka, likaturushia matope mpaka mdomoni, likaenda. Hatukujua ni la nani. Hatukujua kama lilifika. Mama alitugombeza kwa ajili ya zile nguo hadi Jumatatu.

FUNDI: Zamani ilikuwa kazi, Nyanya. Karibu kilomita 5,000 miaka ya sabini, barabarani pamoja na ng'ombe na mabasi. Siku hizi mikondo ni zaidi ya kilomita 300 tu, na njia imefungwa. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika 7. Mwaka 1963 yaliondoka 84, yakafika 7 vilevile. Na miaka yote miwili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na Peugeot 404.

MWALIMU: Haya, sikieni hesabu hiyo. Saba kati ya tisini na tatu. Pasta, hiyo ndiyo injili unayotaka kuipeleka kwa watu wako? Wale themanini na sita wameshikwa na nini? Mmoja amekosa mafuta, mwingine amevunjika ekseli, mwingine kakesha siku tatu usingizi ukamzidi. Hawa ndio wanaokuja kanisani, si wale saba. Mjane anayelipa karo ya wajukuu, huyo amevunjika ekseli. Kijana wa pombe kila siku anajaribu kuwasha gari haliwaki. Ukimwambia imani ni mbio, amesikia jambo moja tu: umeachwa. Paulo huyohuyo aliwaandikia Warumi, sura ya 9, kwamba jambo hili halimtegemei anayetaka wala anayekimbia, linamtegemea Mungu mwenye kurehemu. Kwa nini mstari huo hatuuhubiri?

Hapa niseme langu, maana mimi niliyeandika haya sikuwa pazia mle garini. Nilimwona Mwalimu ana haki kuliko alivyojua. Nimekaa makanisani miaka mingi nikasikia mahubiri ya mbio, na mara nyingi nimetoka nikihesabu: fulani ameokoka baada yangu na sasa anaongoza kwaya, fulani anafunga siku arobaini, mimi kumi zinanishinda. Mahubiri ya mbio yakikosewa, waumini hugeuka wapinzani. Kila mmoja anakuwa gari la mbele la mwenzake, na Fundi alikwisha tuambia kwamba ukiliona gari la mbele, mmoja wenu ameharibikiwa.

PASTA: Mwalimu, Warumi 9 nitauhubiri, nakuahidi. Lakini nikuulize. Leo ni Pasaka. Injili ya Yohana inasemaje juu ya asubuhi hii? Maria alipoleta habari ya kaburi tupu, Petro na yule mwanafunzi mwingine walifanya nini?

MWALIMU: Walikimbia.

PASTA: Walikimbia! Habari ya kwanza ya Ufufuo iliwatia watu mbio. Hata Yohana anaona ni muhimu kutuambia nani alitangulia: yule mwingine alimpita Petro. Sasa tazama alipofika. Alisimama mlangoni, akainama akachungulia, hakuingia. Petro akaja nyuma akihema, mzito, na dhambi yake ya kumkana Bwana usiku ule bado mbichi. Akaingia yeye kwanza. Aliyetangulia kufika hakutangulia kuingia. Je, nani alishinda mbio za asubuhi ya leo? Injili haisemi. Hakuna tuzo. Kuna vitambaa vya sanda tu na watu wawili wanaohema.

Nyanya alisema amina, kimyakimya.

MWALIMU: Umesema vema. Nami nikuulize. Hiyo ni asubuhi. Jioni ya siku hiyohiyo, Luka anasemaje?

PASTA: Emau.

MWALIMU: Emau. Watu wawili wanatembea, stadia sitini, wanazungumza, wamevunjika moyo. Na Bwana Mfufuka, aliyeshinda mauti asubuhi, mwenye mamlaka yote, anafanya nini na jioni yake ya kwanza? Anatembea nao. Kwa mwendo wao. Hawaharakishi. Wakifika anafanya kama anayeendelea na safari, wakimsihi anakaa. Alitembea na watu waliokuwa wakienda upande usiofaa, Pasta! Wanaiacha Yerusalemu nyuma, naye anaandamana nao. Na wafuasi wa kwanza, kabla hawajaitwa Wakristo pale Antiokia, waliitwaje katika Matendo ya Mitume? Watu wa Njia. Hawakuitwa watu wa mbio. Hata Biblia yetu ya Union ilipofika kwenye maneno ya Paulo ya mwisho kwa Timotheo, pale anaposema amemaliza, wafasiri waliweka neno gani? Waliweka mwendo. Walikuwa na neno mbio mkononi, wamelitumia kwingine, lakini pale, mzee amefungwa, anangoja kufa, wakaandika mwendo. Mimi nasema waliongozwa.

Hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria, na tangu siku hiyo sijaliacha. Mwendo ni neno pana kwa Kiswahili. Gari lina mwendo, lakini mgonjwa naye ana mwendo wake, na mtu wa tabia njema tunasema ana mwenendo. Mbio zina mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Mwendo unaendelea hata mtu anapokaa chini kupumzika, kwa sababu anakaa njiani. Na kule Waebrania, ambako waliandika mbio, neno waliloliweka ubavuni mwake ni saburi. Mtu anayekimbia kwa saburi anakimbiaje? Swali hilo lilining'ang'ania kichwani, na lilijibiwa na mtu ambaye sikumtarajia.

Nyuma kabisa alikuwa amekaa dada mmoja wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Alikuwa bado amevaa fulana yake ya kung'aa ya marshali, maana alijitolea siku zote za mashindano na alitukuta getini kazi ilipokwisha. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi isipokuwa mahali miwani ilipokaa.

DADA: Samahani, Mwalimu. Samahani, Pasta. Naweza kusema?

PASTA: Sema, mwanangu.

DADA: Nyinyi mnasema mbio na kutembea kana kwamba ni vitu viwili. Rali ni vyote viwili. Kati ya mkondo na mkondo magari yanapita barabara ya kawaida, hii hii tuliyomo, yanafuata sheria kama matatu. Na lazima yafike kituo cha saa kwa dakika iliyoandikwa kwenye kadi. Ukichelewa dakika moja, unaongezewa sekunde kumi. Ukiwahi dakika moja, mnajua unaongezewa nini?

FUNDI: Dakika nzima.

DADA: Dakika nzima. Kuwahi kunaadhibiwa mara sita kuliko kuchelewa. Ndiyo maana unayakuta magari yenye kasi kuliko yote nchini yameegeshwa kando ya barabara karibu na kituo, madereva wamekaa tu, wanatazama saa. Wanangoja. Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi nikiwaona nakumbuka mambo niliyomwomba Mungu nikataka kuyafikia kabla ya dakika yake.

MWALIMU: Hiyo nzuri. Endelea.

DADA: Lakini nililotaka kusema si hilo. Ni habari ya bao moja. Kila gari la rali limebeba bao. Upande mmoja ni kijani, limeandikwa OK. Upande wa pili ni jekundu, limeandikwa SOS. Gari likipinduka au likikwama, waliomo wakiwa wazima, wanatoka wanawaonyesha wanaokuja nyuma ule upande wa kijani, nao wanapita. Lakini ukionyeshwa jekundu, au ukikuta gari limeumia vibaya na hakuna anayekuonyesha kitu, unasimama. Hata kama unaongoza. Hata kama ni mkondo wa mwisho. Gari la kwanza kufika linasimama kusaidia, linalofuata linapeleka habari kwa kituo cha redio. Ni sheria. Ukipita bila kusimama, waamuzi wanakushughulikia.

Mwalimu aligeuka kwenye kiti chake mpaka akamtazama usoni.

MWALIMU: Na muda wake? Huyo aliyesimama, saa yake si inaendelea?

DADA: Inaendelea. Lakini waamuzi wanakaa baadaye, wanatazama, wanampa muda wa haki, ule ambao angeupata kama asingesimama. Harudi nyuma kwa sababu ya kusimama.

Kimya kiliingia mle garini. Nje, kijana mwenye beseni la karanga alipita kati ya magari, akagonga dirisha letu, akaona nyuso zetu, akaenda.

MWALIMU (polepole): Magari matatu. Mwanafunzi wangu alilala pale, magari matatu yakapita.

NYANYA: Tunajua, Mwalimu.

MWALIMU: Nimewachukia wale madereva miaka tisa. Nilidhani walikuwa na roho mbaya. Labda walikuwa na haraka tu. Mtu alikuwa anawangoja mahali, nao wakaona wakisimama hakuna atakayewarudishia muda wao.

PASTA: Na sisi, Mwalimu? Kuhani na Mlawi katika mfano wa Msamaria, Bwana hasemi walikuwa wauaji. Anasema walipita kando.

MWALIMU: Ndiyo. Lakini Pasta, hapa ndipo ugumu ulipo, usiupite haraka. Yule dereva wa rali anajua kuna waamuzi. Amesaini karatasi. Mimi nikisimama, nani ananirudishia? Nikimlea mtoto wa marehemu ndugu yangu, karo za wangu zikapungua, nani anaziongeza? Huyu binti amejitolea siku nne kwenye jua bila mshahara. Nani anampa siku nne?

PASTA: Hilo ndilo ninaloliita imani. Sina jibu lingine, na sitaki kukutungia. Kuamini kwamba Mungu yuko, hata shetani anaamini, Yakobo amesema. Kuamini kwamba saa iko mkononi mwa mwamuzi mwenye haki, kiasi kwamba naweza kuzima injini nishuke wakati wengine wanaonekana kunipita, hiyo imani ni nyingine. Paulo alipokuwa gerezani hakuna aliyekuwa na sababu ya kusema amefika mahali. Alikuwa amesimama. Alimwambia Timotheo taji atapewa na nani? Na mwamuzi mwenye haki. Na akaongeza kwamba si yeye peke yake atakayepewa. Mbio zile za Korintho taji lilikuwa moja. Hizi mataji ni mengi.

FUNDI: Basi ndiyo maana tunaweza kusukumana matopeni.

NYANYA: Nami ndicho nilichokuwa nikiwaambia, mkadhani nasimulia hadithi ya nguo.

Nina upande katika mjadala huu na sitauficha. Mbio ninazoziamini ni hizi alizotueleza Dada. Mkimbiaji wake anajua kungoja kando ya barabara dakika yake ifike, tena akiliona bao jekundu anajua breki ziko wapi. Kasi haikosi mahali pake ndani ya imani: Petro alikimbia, na baba wa mwana mpotevu, mzee mwenye heshima zake, alimkimbilia mwanawe barabarani. Yule baba alikimbia kumwendea aliyeharibikiwa. Nimejaribu kukumbuka ni lini niliwahi kukimbia kwa sababu hiyo, na sikumbuki mara nyingi.

Jua lilikuwa limeinama. Upande wa Olkaria mvuke ulikuwa ukipanda mweupe kutoka ardhini. Foleni ikasogea, labda mita mia, ikasimama tena.

NYANYA: Mwanangu, wewe wa fulana.

DADA: Naam, Nyanya.

NYANYA: Huyo aliyekuwa wa mwisho leo. Watu walikuwa wamekwisha ondoka. Sisi wenyewe tuliondoka baada ya washindi kupita. Mlimngoja?

DADA: Tulimngoja, Nyanya. Haturuhusiwi kuondoka. Na yeye akishapita, bado hatuondoki. Kuna gari linakuja nyuma ya wote, la ukaguzi, linapita mkondo mzima polepole kutazama kama kuna aliyebaki porini. Mpaka lipite hilo, kila marshali yuko mahali pake. Leo lilichelewa. Jua lilikuwa kali, maji yamekwisha, vumbi limetulia kabisa mpaka tukaanza kusikia ndege. Hakuna mtazamaji hata mmoja. Likaja, dereva akapunguza, akaniuliza kama wote wa sehemu yangu wamepita. Nikamwambia wote. Akaniinulia mkono akaenda kumwuliza mwenzangu wa mbele.

MWALIMU: Akamwuliza kila mmoja?

DADA: Kila mmoja.

Mwalimu alikaa muda mrefu akitazama mikono yake. Kisha akamgeukia Pasta.

MWALIMU: Somo lako la Waebrania. Siliondoi pingamizi langu lote. Vijana wale wa kasi bado wapo barabarani usiku huu, na wewe ndiye watakayemsikiliza.

PASTA: Basi njoo useme nao wewe. Jumapili ijayo mimbari ni yako.

MWALIMU: Nitahubiri Emau.

PASTA: Hubiri Emau. Mimi nitasoma Yohana 20 kabla yako, wasikie kwanza jinsi watu walivyokimbia.

MWALIMU: Na huyu binti asimame aeleze lile bao. Aje nalo, kama wanaweza kumwazima.

DADA: Nitalitengeneza kwa katoni, Mwalimu. Watoto wa shule ya Jumapili watalipaka rangi.

Dereva akawasha injini. Mbele yetu taa nyekundu za breki zilikuwa zikizimika moja moja.